Bia ya Marehemu Félicien

Ulimi hauna mfupa, msomaji, na wiki iliyopita ulimi wa Elinaza Mmbaga uliteleza mbele ya watu.

Wewe uliyekosa gazeti, sogea karibu. Ni Januari ya 2012, Toronto, nje baridi inakata masikio. Elinaza yuko kwenye chumba cha kuonjea cha kiwanda kidogo cha bia, glasi ya bia ya kahawia nzito mkononi. Bosi wake, Mzungu aitwaye Hollis, amemuuliza swali jepesi: unanusa nini? Na Elinaza, mwonjaji mkuu, mtu ambaye pua yake ndiyo inayolisha nyumba, akajibu kwa Kiingereza:

"I hear nothing."

Meza nzima ikamgeukia.

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Tangu alipoteleza kwenye barafu chini ya ghorofa lao kule Kingsview Village, akaangukia kisogo, Elinaza hakuwa akisikia harufu yoyote. Si kahawa, si sabuni, si nepi ya mwanawe. Aliyejua ni mkewe Asumpta peke yake. Hospitali hakukanyaga, maana aliogopa habari zisije zikamtangulia kazini. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini nani humwambia mtu mzima?

"Husikii?" Hollis akaangua kicheko. "Nimekuuliza habari za pua, unanijibu habari za masikio!"

Wengine wakacheka. Elinaza akaona mlango umefunguka, akapita hapo hapo.

"Samahani, bosi. Mafua yameziba masikio. Sikukupata vizuri."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Mwisho wa meza alikaa Donatienne, karani wa manunuzi, mwanamke wa Bukavu. Pua yake ilikuwa kali, ndiyo maana kiwanda humwita kila kunapoonjwa. Alikuwa ameweka glasi yake chini polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Macho yake hayakumtoka Elinaza.

"Haya, kunywa utuambie," Hollis alisema.

Elinaza akanywa, akameza. Bia haitemwi, uchungu wake hukaa nyuma ya ulimi, na usipomeza hutaujua. Ulimi wake bado ulikuwa mzima. Utamu ukaja mbele, uchungu ukafuata, kisha moto wa kilevi ukashuka kifuani kama gongo. Baada ya hapo, ukuta mtupu. Yaliyobaki akayachota kwenye kumbukumbu ya miaka iliyopita.

"Tende," alisema. "Zabibu kavu. Sukari guru iliyoungulia kidogo. Mwishoni ule ubao wa pipa. Imekomaa."

Vichwa vikaitikia. Mtu akishaitwa bingwa, hata akisema bia ina harufu ya mbingu, wenzake wataitafuta mbingu glasini.

Usidhani hii ni bia ya kukata kiu. Ni bia ya majira ya baridi, ukali wake mara mbili ya ile uijuayo, na hulazwa pipani mwaka mzima kabla ya kuguswa. Wazungu huiita mvinyo wa shayiri, ingawa zabibu haizijui. Na hii ya leo ilikuwa na uzito wake wa pekee. Aliyeipika ni Félicien, mume wa Donatienne, rafiki wa Elinaza. Aliipika, akaijaza pipani, na juma lile lile akafia kwenye chumba cha baridi, amonia ya mitambo ya kupoozea ilipovuja.

Kwa hiyo walikuwa wanaonja kazi ya marehemu, na mjane wake yuko mezani.

"Sasa mtihani wetu," Hollis akasema, akasugua viganja.

 Elinaza alikuwa ameusahau! Kila msimu Hollis hutia matone ya dawa yenye harufu ya siagi iliyochacha kwenye glasi moja kati ya mbili, halafu mwonjaji mkuu huitaja yenye dosari. Kwa mwenye pua ni mchezo wa kitoto.

Glasi mbili zikapitishwa kutoka mwisho wa meza, chini ya pua ya Donatienne, hadi mbele yake, rangi moja, povu moja. Akatia pua kwenye glasi ya kulia. Kimya. Akatia pua kwenye glasi ya kushoto. Kimya kile kile. Akairudia ya kulia, akairudia ya kushoto.

"Unakawia leo," Hollis alisema, na safari hii hakucheka.

Elinaza akasikia jina lake likinong'onwa, akageuka, macho yakakutana na ya Donatienne. Mwanamke yule akanyanyua mkono taratibu, akashika hereni ya sikio lake la kushoto.

"Ya kushoto," Elinaza akasema.

"Huyo ndiye Elinaza wangu!" Hollis akapiga meza.

Mungu si Athumani, alijisemea Elinaza. Laiti angejua.

*

Hakufika mbali. Kwenye ghala la shayiri sauti ilimwita kwa nyuma.

"Papa Elinaza, ngoja kwanza."

Donatienne alifunga mlango wa ghala akauegemea.

"Masikio yako iko muzima," alisema. "Pale mezani niliita jina yako polepole sana, ukageuka. Ni pua ndjo ilikufa. Ni vile ao si vile?"

Elinaza hakuwa na pa kukimbilia. "Ni vile, shemeji. Nakuomba usimwambie Hollis."

"Kama nilitaka uanguke, ningeacha ukamate ile glasi ingine. Sikukusaidia juu ya pua. Nilikusaidia juu ya ile neno."

"Neno gani?"

"Hear." Alilitamka kama anatema mfupa. "Siku ya enquête, ile uchunguzi juu ya kifo ya Félicien, balikuuliza kama kulikuwa onyo kabla batu bakimbie. Weye peke yako ndjo ulikuwa karibu. Ulijibu nini?"

"Nilisema niliisikia. Mwanzoni kidogo, halafu kali."

"Ulisikia nini?"

"Harufu, shemeji. Amonia. Ilikuja na bomba la hewa, kama choo cha stendi. Ndipo nikatoka."

Donatienne akafumba macho. "Na kengele?"

"Kengele gani? Kengele haikulia."

 Alipoyasema hayo, neno lake la mwaka jana lilimrudia Elinaza lote, na maana aliyoipa mkaguzi wa serikali ikaja nalo.

Sisi harufu tunaisikia, msomaji. Utasikia harufu ya pilau ya jirani kabla hujasikia hodi yake. Mwingereza yeye husikia sauti basi. Shahidi aliposema "I heard it", mkaguzi aliandika kengele. Na kama kengele ililia, basi Félicien aliipuuza. Na kwa nini mtu apuuze kengele ya kifo? Kiwanda kikatoa jibu haraka: alikuwa anaonja ile bia yake kali, alikuwa amelewa. Kazi ikaisha, na Elinaza akasikia habari za ulevi tu, za kengele hakuambiwa. Maiti haina mdomo.

Mkalimani? Walimtafutia. Elinaza ndiye aliyekataa! Msomi mzima, mwenye shahada yake, apewe mkalimani kama aliyeshuka jana! Waliposoma maelezo yake, alisikia neno "alarm" likipita, akadhani wanasema alishtuka. Akasema yes. Majivuno ya dakika moja, na mtu aliyelala kaburini akaitwa mlevi.

"Kumbe ni mimi," Elinaza alisema. Akakaa juu ya gunia la shayiri. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. "Shemeji, kumbe ni mimi."

"Mwaka muzima," Donatienne alisema, "mutoto wangu Tomasi ananiambia kwa Kingereza, 'Mom, he heard the bell. He just didn't come out.' Mutoto wa miaka kumi! Ananiuliza kama baba yake alipenda pombe kupita yeye. Mimi namujibu nini?"

Donatienne akajifuta macho kwa kiganja.

"Niliomba bafungue dossier, ile faili, tena. Mukaguzi anakuja leo, mchana huu. Kama hakuna neno mupya, anafunga kabisa, na jina ya Félicien itabakia ya mulevi."

"Basi nitamwambia nilimaanisha harufu."

"Atakuuliza, kwa nini nikuamini leo? Kila mutu anaweza kusema vile. Ushuhuda ni ya asubuhi hii. Meza muzima balisikia ukisema 'hear' juu ya harufu."

Hapo Elinaza akauona mtego wote. Ili "hear" ya leo iwe harufu, lazima akiri kwamba leo hakusikia harufu. Akikiri, mwonjaji mkuu hana pua, na mwonjaji asiye na pua ni dereva asiye na macho. Jina la Félicien lingesafishwa kwa ugali wa watoto wa Elinaza.

"Sikulazimishi, shemeji," Donatienne alisema. "Uko na batoto. Na mimi niko na mutoto."

Akatoka, akamwacha na magunia.

Elinaza akampigia Asumpta, akamweleza harakaharaka, maneno yanagongana. Alitumaini mkewe atamzuia. Wanaume wengine wakitaka kuwa waoga hutafuta mke wa kusingizia.

"Baba Neema," Asumpta alisema, "siku tunashuka uwanja wa ndege wa Pearson na masanduku yetu, nani alitupokea?"

"Félicien."

"Koti ulilovaa baridi ya kwanza lilikuwa la nani?"

"La Félicien."

"Sasa unaniuliza nini? Tutakula tutakachopata." Simu ikakatwa.

*

Alipotoka ghalani, Hollis alikuwa anamtafuta, uso unang'aa.

"Elinaza! Kuanzia Jumatatu wewe ndiye mpishi mkuu. Kiti cha Félicien ni chako. Ile bia umeipitisha, jioni tunaiweka sokoni." Akamshika bega. "Kuna jambo dogo tu. Mkaguzi yuko ofisini. Rudia maneno yako ya mwaka jana, tummalize huyu mama na malalamiko yake."

Tazama shetani anavyojua kupanga zawadi zake! Kiti alichokiota miaka yote, kimeletwa saa ile ile.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, koti hajalivua. Donatienne alikaa kando, mikono mapajani.

"Bwana Mmbaga, unahitaji mkalimani safari hii?"

Elinaza akavuta kiti karibu. "Nahitaji."

Hollis akageuza shingo kama aliyepigwa kofi.

Mkaguzi akapiga simu, akaiweka mezani sauti wazi. Mkalimani alikuwa mzee wa Thornhill aitwaye Abdulsultan, Kiswahili chake cha Unguja kimenyooka kama rula. Elinaza akasema kwa lugha yake mwenyewe, polepole, kwamba kengele haikulia, kwamba alichosikia ni harufu.

"Bibi," Abdulsultan akamwambia mkaguzi baada ya kutafsiri, "nikuongezee la faida. Sisi kwetu harufu twaisikia. Tena hata utamu wa chumvi mchuzini twausikia. Huyu bwana hajakosea lugha yake. Amekosea yenu."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. Kwa mara ya kwanza Donatienne aliinua uso.

"Mwaka mzima hukusema," mkaguzi alimwambia Elinaza.

"Sikujua. Nimejua leo asubuhi, niliporudia kosa lile lile mezani. Nilisema 'I hear nothing' nikiwa na maana sisikii harufu. Mimi sina pua tena. Nilianguka kwenye barafu, pua ikafa."

Alilisema. Lilitoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Alimtazama Hollis, akangoja radi.

Hollis hakupiga kelele. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Elinaza kuliko matusi.

"Anadanganya," Hollis alisema. "Asubuhi mbele ya watu wote alisema masikio ndiyo yameziba. Halafu nikampa mtihani wa glasi mbili, akataja yenye dosari bila kukosea. Mtu asiye na pua anawezaje? Huyu ni rafiki wa familia, mama. Anataka kumwokoa mjane."

"Ni kweli ulitaja?" mkaguzi aliuliza.

"Nilisaidiwa."

"Na nani?"

Elinaza akatazama sakafu. Angemtaja vipi? Lakini Donatienne alishasimama.

"Ni mimi. Nilimuonyesha."

"Umeona?" Hollis akapanua mikono. "Mlalamikaji na shahidi wana ishara zao za siri. Leo ishara, jana je?"

Msaada uliomwokoa asubuhi ulikuwa umegeuka kitanzi, tena cha watu wawili. Mkaguzi akagonga meza kwa kalamu.

"Una cheti cha daktari, bwana Mmbaga?"

"Sina. Niliogopa kwenda."

"Basi tutaupima ukweli hapa hapa. Mama Donatienne, tafadhali ukae nje. Na wewe bwana Hollis, nipe hiyo dawa yako na uniachie glasi. Nitachanganya mwenyewe, nyuma ya mlango." Akamgeukia Elinaza. "Mara tatu. Ukipapasa kama kipofu, nitajua umepoteza pua, na faili hili nitalifungua upya. Ukipatia zote, nitajua pua unayo, na kwamba umekuja kunidanganya."

Donatienne akatoka. Alipompita Elinaza alimgusa begani kidogo, mguso wa mtu mwenye matumaini.

Elinaza akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, ugonjwa wake ulikuwa na faida. Kazi yake ilikuwa kukosea tu, na kukosea nani hawezi?

Lakini hebu fikiri, msomaji. Ili ukosee kwa makusudi, lazima kwanza ulijue lililo sahihi. Elinaza hakulijua. Alikuwa anacheza bahati nasibu, na bahati haijui nani mwema.

Glasi mbili zikaja. Akanywa hii, akanywa ile. Tende haikuwepo, siagi haikuwepo, Félicien hakuwepo. Moto tu kooni.

"Sijui," alisema.

"Chagua," mkaguzi akasema. "Anayetaka kunidanganya ndiye atakayesema hajui."

"Basi ya kulia."

Mkaguzi akaandika, uso hauonyeshi kitu. Lakini Hollis, aliyesimama mlangoni alikoona mchanganyiko, aliachia pumzi ya raha. Elinaza akaelewa. Amepatia.

Glasi zikarudi mara ya pili. Sasa alinywa kwa hofu, bia kali ikampanda kichwani. Alitaka kusema ya kulia, akahisi moyo unamwambia hapana, akabadili. "Ya kushoto."

Hollis akatabasamu waziwazi.

Mara ya tatu Elinaza hakunywa kabisa. Ulimi wake usije ukawa unajua jambo ambalo yeye halijui! Alifumba macho, akaomba Mungu amnyime bahati, sala ambayo hakuwahi kuisali maishani mwake. Kisha akazungusha glasi mbili zile juu ya meza, zikabadilishana nafasi hadi mwenyewe asijue ipi ni ipi, akanyoosha kidole gizani.

"Hii."

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Mkaguzi aliichukua glasi ile, akainusa mwenyewe, uso ukamkunjamana kwa siagi iliyochacha. Hollis akaanza kupiga makofi, mazito, yanayojaza chumba na kupenya hadi nje.

"Mara tatu," mkaguzi alisema. "Tena ya mwisho bila kuonja, macho umeyafumba. Bwana Mmbaga, pua yako ni nzima kuliko yangu."

"Mama, nisikilize. Ni bahati. Naapa kwa Mungu, ni bahati!"

"Nakuelewa. Alikuwa rafiki yako." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Elinaza. "Lakini naandika nilichokiona. Ulisikia kengele. Naye aliisikia."

Kalamu ilitembea, faili likafungwa. Kwenye simu mzee Abdulsultan alikuwa bado hajakata, akisema "Bibi, bibi, ngoja kidogo," na hakuna aliyemjibu.

Elinaza alibaki ameketi mbele ya glasi. Alikuwa amempoteza Félicien mara ya pili, na safari hii kwa kusema kweli.

Mlango ukafunguliwa. Donatienne alikuwa amesikia makofi kutoka nje. Aliingia anatabasamu, machozi yamemjaa, simu mkononi tayari amempigia mtoto.

"Tomasi yuko kwa laini, shemeji," alisema. "Mwambie weye mwenyewe. Bamekuamini?"